Posta kongwe na ukuta wa masanduku

Saa kumi na moja jioni kaunta zimekwisha kufungwa. Taa za ukumbini zimezimwa, bawabu ameburuta kiti chake mpaka mlangoni. Barazani bado kuna watu. Mmoja ameinama kwenye safu ya chini ya masanduku ya barua, anapigana na kitasa kilicholiwa na kutu. Mwingine anamulika kijisanduku chake kwa simu, anakuta bahasha moja ya benki, anafunga na kwenda zake. Hakuna karani aliyehusika.

Jengo limefungwa, na bado linafanya kazi.

Kwa wiki kadhaa sasa jambo hilo limegoma kunitoka. Kila mjadala wa kukarabati posta kongwe katika miji yetu huanzia usoni mwa jengo: matao, rangi, mlango mkubwa, saa kama ipo. Baraza ya masanduku huhesabiwa pamoja na nyaya za umeme na viyoyozi, yaani vitu vilivyoongezwa baadaye ambavyo vikiondolewa uso utaonekana vizuri zaidi.

Ukiambiwa uhifadhi posta kongwe, basi, unahifadhi nini?

Uso ulikuja mwisho

Chukua Zanzibar. Wapiga picha wanaopita Shangani husimama mbele ya posta ya Barabara ya Kenyatta kwa sababu ya uso wake, na wana haki. Ni kazi ya J. H. Sinclair, afisa wa Kiingereza aliyesomea usanifu na ambaye baadaye alikuja kuwa Balozi Mkaazi, yaani mwakilishi mkuu wa Uingereza visiwani. Mkono wake uko mji mzima: Mahakama Kuu ya Vuga, na Beit el-Amani, jengo la makumbusho lililofunguliwa 1925. Waingereza walikuwa wameshika madaraka, lakini majengo yao wakayavisha matao na mapambo ya Kiarabu, mfano wa mgeni aliyejitwalia nyumba kisha akavaa kanzu ya mwenye nyumba.

Barua, hata hivyo, hazikuusubiri uso huo. Posta ya India ilifungua ofisi Zanzibar mwaka 1868, ikaifunga mwaka uliofuata, ikarudi 1875. Tarehe 10 Novemba 1895 huduma ikahamia kwa serikali ya Zanzibar, na stempu za kwanza zilikuwa zile zile za India zilizogongwa jina la Zanzibar juu yake. Wafaransa nao walikuwa na posta yao hapo hapo mjini tangu 1889 mpaka 1904. Miaka yote hiyo barua zilifika, zikapangwa, zikachukuliwa, bila jengo ambalo mtu angelitazama mara mbili.

Sisemi uso hauna thamani. Ninasema uso hauwezi kuwa jibu la swali letu, kwa kuwa posta iliishi vizuri kabla haujazaliwa.

Kwa nini nyumba haikutosha

Mfano ulio wazi zaidi uko Lamu. Kwenye mtaa mkuu kuna nyumba ya mawe ambayo Wajerumani waliitumia kama posta kuanzia Novemba 1888 mpaka Machi 1891, wakati wa mambo yao ya Witu, usultani mdogo wa bara jirani na Lamu. Sasa ni makumbusho. Ukiingia, kinachokukumbusha posta ni vitu vilivyowekwa humo. Chumba chenyewe ni chumba cha nyumba ya Kilamu: kirefu, chembamba.

Wembamba huo haukuletwa na mila peke yake. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko, ikibebeshwa sakafu nzito ya mawe na chokaa, haiwezi kuruka zaidi ya mita 2.5 hadi 3 hivi bila kupinda. Ndiyo maana vyumba vya mji wa mawe huenda kwa marefu na si kwa mapana, na ndiyo maana ukitaka chumba kipana lazima uweke nguzo katikati au utoke kabisa kwenye boriti.

Kwa kituo chenye wateja wachache wa biashara na meli, chumba cha mita 2.5 kinatosha: meza moja, mzani, mhuri, rafu. Ongeza idadi ya watu, hesabu inakataa. Foleni inahitaji kama mita 2 za kina mbele ya kaunta ili anayetoka asimkanyage anayeingia. Kaunta yenyewe na nafasi ya karani zinakula mita 1.5 nyingine. Nyuma yake kuna meza ya kupangia barua na njia ya kupitisha magunia. Tayari uko kwenye mita 6 au zaidi, bila ukuta wa kati.

Hapo ndipo posta ilipoachana na nyumba. Ukumbi mpana ulidai mihimili ya chuma, au kenchi za mbao zilizoezekwa mabati, na kuta nene za matumbawe zikabaki kubeba mzigo pembeni.

Na hapo ndipo maradhi yalipoingia.

Chuma ndani ya chokaa

Muhimili wa chuma uliozikwa ndani ya ukuta wa matumbawe huishi salama mwanzoni. Chokaa mbichi ni kali, na ukali huo huzuia kutu. Lakini kadiri inavyofyonza kabonidioksidi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe, ukali unapungua, na kinga ya chuma inakwenda nayo. Pwani kuna chumvi juu ya hayo. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo kichwa cha muhimili huvimba ndani ya ukuta na kupasua jiwe kutoka ndani.

Dalili yake ni ufa wa mlalo ukutani, usawa wa dari, mara nyingi wenye doa la rangi ya kahawia chini yake. Fundi asiyejua huuziba kwa saruji na kupaka rangi. Baada ya masika mbili ufa umerudi, umepanuka, na safari hii kipande cha ukuta kinakuja nao.

Dawa ni kufungua kichwa cha muhimili, kukwangua kutu mpaka chuma cheupe, kupima kilichobaki, kupaka rangi ya kuzuia kutu yenye zinki na kuacha nafasi ya hewa kukizunguka badala ya kukizika tena. Chuma kikiwa kimeliwa zaidi ya robo ya unene wake, fundi asiamue peke yake; hapo anaitwa mhandisi. Ukishaona kilichotokea kwa Beit el-Ajaib, jumba la kale la Zanzibar, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu yake kubwa ikaporomoka huku kazi ya ukarabati ikiendelea na watu wakapoteza maisha, hutaona tena ufa kama tatizo la rangi.

Nimekaa kwenye ukumbi kwa sababu kwa muda niliamini ndio jibu. Ukumbi una hoja nzito. Kenya ilipoanzisha vituo vya Huduma, yaani huduma nyingi za serikali mahali pamoja, mwaka 2013, cha kwanza kiliwekwa katika posta kuu ya Nairobi. Jengo lile si kongwe, ni la mnara, lakini mantiki ni ile ile: ukumbi uliobuniwa kwa foleni, kaunta na karani hupata kazi mpya kwa urahisi, maana serikali haikosi foleni. Barua zikipungua, vyeti vya kuzaliwa vinashika nafasi zao.

Lakini hilo hilo ndilo linaloudhoofisha. Ukumbi wa kaunta unaweza kuwa benki, forodha, ofisi ya ardhi. Hauifanyi posta iwe posta.

Ukuta usiochorwa

Kuna nchi ambako mleta barua hupita mlango kwa mlango, na posta zake zilijengwa kwa ajili ya barua kuingia na kutoka kwa gari. Kwetu, kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, barua ilifika mpaka posta ikasimama hapo. Mwenyewe ndiye aliyeifuata. Shule ilikuwa na S.L.P., parokia, msikiti, kampuni, na mtu asiye na sanduku aliandikiwa kupitia la mwajiri au la mjomba. Mji mzima ulikuwa na mlango mmoja, uliogawanywa vipande vidogo vyenye namba.

Hiyo ni hesabu ya usanifu, na ni vyema kuifanya.

Tuchukue sanduku dogo lenye uso wa sentimita 12 kwa 12. Ukitoa fremu, mita moja ya mraba inabeba masanduku 57 hivi. Safu ya chini isishuke chini ya nusu mita kutoka sakafuni, la sivyo maji ya mvua yanayorushwa na upepo yataingia. Ya juu isipite mita 1.7, ili wengi waifikie bila kupanda kitu. Inabaki mita 1.2 ya kutumia. Masanduku 1,000, kwa hiyo, yanataka mita za mraba 17.5, sawa na ukuta wa karibu mita 15 kwa urefu. Nyuma yake lazima kuwe na njia ya karani isiyopungua mita 1.2, kavu, yenye mwanga, inayofungwa kwa ufunguo mmoja, kwa kuwa masanduku yote huwa wazi upande wa ndani.

Mita 15 za uso, na njia ya nyuma ya urefu huo huo. Katika posta ya mji wa kawaida hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko kaunta.

Tena ukuta huo unapaswa kuwa nje na ndani kwa wakati mmoja. Mteja aufikie usiku, chini ya paa, bila kuingia ofisini. Karani aufikie mchana bila kutoka nje. Baraza ya posta ipo kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya kivuli. Ukiona posta kongwe yenye baraza ndefu isiyo na masanduku, uliza yalikwenda wapi.

Sasa tatizo la unene. Ukuta wa matumbawe una sentimita 50 hadi 60. Sanduku lina kina cha 35 hadi 40. Ukilizika ndani ya ukuta, karani atalazimika kuingiza mkono kwenye shimo kabla ya kufikia mgongo wa sanduku, mara mia kadhaa kila asubuhi. Haiwezekani. Kwa hiyo ukuta wa masanduku si ukuta: ni uwazi uliojazwa. Waliojenga kwa busara walipanga matao barazani na kuyajaza masanduku baina ya nguzo. Mzigo unapita juu kwenye tao, unashuka kwenye nguzo, na masanduku hayabebi chochote zaidi ya barua.

Waliokuja baadaye, wateja walipoongezeka, hawakuwa na matao ya kujaza. Wakatoboa.

Namna ya kutambua kilichotobolewa

Simama ndani, upande wa karani, utazame juu ya safu ya mwisho. Ukiona tao, au dalili ya tao chini ya lipu, tulia: uwazi ni wa asili. Ukiona linta ya zege, yaani muhimili mfupi unaobeba ukuta juu ya uwazi, chunguza inavyokaa. Kila upande iwe imeingia ukutani si chini ya sentimita 20. Kwa ukuta wa matumbawe ni heri 30, maana mawe yake ni vipande visivyo na umbo na hayagawani mzigo kama matofali. Ukiona mbao tupu, au usipoona kitu chochote, ujue fremu ya masanduku imegeuka kuwa nguzo bila kuambiwa.

Kuna kipimo kingine rahisi. Fungua vijimlango vya katikati ya safu ya juu na vya pembeni. Vya pembeni vikifunguka vizuri na vya katikati vikikwama, ukuta umekalia fremu. Mara nyingi watu hulaumu bawaba, wakapiga tupa vijimlango hivyo mpaka vikafunguka, na ukuta ukaendelea kushuka.

Kurekebisha kunataka subira. Utaratibu wake, kwa ufupi:

Ondoa mzigo wa juu unaoondoleka, hasa mafaili na magunia ya ghorofani. Weka mirunda au vyuma vya kuegemeza chini ya dari pande zote mbili. Toboa matundu juu ya mahali linta itakapokaa, umbali usiozidi mita 1 kati ya tundu na tundu, upitishe vipande vya chuma kutoka nje hadi ndani na kuviegemeza kwenye mirunda, mpaka ukuta wa juu uwe umekaa juu ya vyuma hivyo. Kisha kata nusu ya unene wa ukuta, upande mmoja tu. Ingiza nusu ya linta. Shindilia mchanganyiko mkavu juu yake mpaka usiingie tena, uache ukaze. Baada ya hapo ndipo unahamia upande wa pili kwa nusu nyingine. Masanduku huondolewa mwisho, na yanarudi mwisho.

Wanaokata pande zote mbili kwa siku moja ili kuokoa muda hupata nyufa za mshazari juu ya pembe za uwazi. Nyufa hizo hazirudi nyuma.

Fremu inaporudishwa, isijengwe moja kwa moja kwenye chokaa. Tanguliza fremu ya mbao ngumu, mninga au mvule, uache upenyo wa milimita 10 hadi 15 kuizunguka na kuujaza kwa kamba za katani zilizolainishwa kwa chokaa. Skrubu ziwe za shaba nyeupe au chuma kisichopata kutu. Jengo likisogea kidogo, na majengo ya pwani husogea, vijimlango havitakwama.

Chini ya safu ya chini

Sehemu ya ukuta inayoumia kuliko zote ni ile nusu mita ya chini, kati ya sakafu ya baraza na masanduku. Unyevu hupanda kutoka ardhini, ukibeba chumvi. Maji yanapokauka usoni, chumvi hubaki na kugeuka fuwele ndani ya vitundu vya lipu. Fuwele zinakua, lipu inapukutika. Ile nyeupe inayofanana na unga ni shura.

Chokaa inaweza kuyavumilia haya kwa miaka mingi kwa sababu inaacha unyevu utoke. Saruji haiachi. Fundi akipiga lipu ya saruji ili "kuimarisha" sehemu hiyo, unyevu huzuiwa usoni na kupanda juu zaidi, unatokea usawa wa masanduku. Ndipo vitasa huliwa na kutu kutoka nyuma, na karani akaanza kulalamika kwamba bahasha za safu ya pili zina ukungu.

Gonga lipu kwa kifundo cha kidole au kwa mpini wa nyundo. Sauti nzito, imeshika. Sauti tupu, imeachana na ukuta, na ndani kuna unga wa chokaa na chumvi. Chora kwa chaki mipaka ya sauti tupu kabla ya kushika tindo. Ukipata zaidi ya nusu ya eneo, ni afadhali kuondoa yote kuliko kubandika viraka.

Saruji itolewe kwa tindo na nyundo ndogo. Mashine ya kutikisa huvunja matumbawe yaliyo nyuma. Fukua viungo kati ya mawe kina cha sentimita 2 hadi 3. Shura ifagiliwe kavu na kuzolewa, kwa sababu ukiiosha unairudisha ndani. Acha ukuta wazi upumue kwa wiki kadhaa, hata kama mwenye jengo analalamika kwamba unatia aibu.

Chokaa yenyewe iwe imelowekwa mapema. Chokaa iliyochomwa hutiwa ndani ya maji. Maji hayatiwi juu ya chokaa, maana inachemka na kuruka, na macho ndiyo yanayolipa. Ikae chini ya maji si chini ya miezi mitatu. Changanya sehemu 1 ya chokaa na sehemu 3 za mchanga wenye chembe kali, uliooshwa. Mchanga wa ufukweni ni kuleta chumvi mpya kwa gharama yako mwenyewe. Mashimo makubwa yajazwe kwanza kwa vipande vya matumbawe, si kwa chokaa tupu, ambayo ikiwa nene husinyaa na kupasuka.

Lowesha ukuta jioni ya kuamkia kazi, na tena asubuhi. Safu ya kwanza irushwe kwa mwiko ili iume, isizidi milimita 10. Ikisha kushika kiasi kwamba kidole hakizami lakini ukucha unaacha alama, ichorwe mistari na kuachwa. Safu ya pili nayo isizidi hapo. Ya mwisho ni milimita 3, yenye mchanga laini. Kila safu ifunikwe magunia yaliyoloweshwa kwa siku 5 hadi 7, kwa kuwa chokaa hukaza kwa hewa na unyevu kwa pamoja. Jua la mchana likiikausha haraka inabaki unga. Kisha kupaka rangi ya chokaa, nyepesi, mara 4 au 5. Mara moja nzito haifanyi kazi ya mara nne nyepesi.

Rangi za plastiki zisikaribie.

Hata hivyo, pale chini kabisa, lipu mpya nayo itakula chumvi na kupukutika baada ya miaka michache. Hiyo ni lipu ya kafara, imewekwa iumie badala ya jiwe. Bajeti ya ukarabati isiyo na fungu la kuirudia ni bajeti ya picha ya uzinduzi.

Shaka iliyobaki

Mpaka hapa ningeweza kujiridhisha: moyo wa posta yetu ni ukuta wa masanduku, tuulinde. Lakini mwaka 2022 Tanzania ilifanya operesheni ya anwani za makazi. Nyumba zikapata namba, na barabara zikapata vibao. Barua au kifurushi sasa kinaweza, angalau kwa mpango, kufika mlangoni. Sababu iliyouzaa ukuta ule inaondoka, na imeondolewa kwa nia njema kabisa. Hakuna anayepaswa kutembea kilomita tatu kuulizia barua ili wapenzi wa majengo wafurahi.

Je, kuuhifadhi ukuta uliokosa sababu ni tofauti na kuhifadhi uso?

Shangani kuna jengo jirani kwa maana ya kazi: ile nyumba ya simu za nje, iliyoitwa Extelecoms. Waya wa telegrafu chini ya bahari ulifika Zanzibar mwaka 1879 ukitokea Aden, na kampuni ya telegrafu ikaja kujenga pale ufukweni. Miaka ya 1990 mfuko wa Aga Khan uliikarabati ikawa hoteli. Kazi ilifanywa kwa ustadi, na jengo limesimama imara, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya majirani zake wote. Lakini mgeni anaweza kulala humo wiki nzima asijue kwamba hapa bara la Afrika liliwahi kusemezana na Ulaya kwa waya. Kuta zimepona, kazi imefutika.

Ningeukubali ubadilishaji wa namna hiyo kwa jengo la telegrafu, maana mitambo ilikuwa ya wahandisi wachache na ilikwisha kuondoka. Kwa posta siukubali kirahisi. Masanduku yalikuwa ya watu. Kila kijimlango kina namba ambayo familia fulani iliiandika kwenye barua za maombi ya kazi, fomu za shule na kadi za harusi kwa miaka thelathini. Zaidi ya hapo, watu bado wanayalipia. Taasisi zetu bado zinaandika S.L.P. kichwani mwa barua, na vifurushi vya biashara ya mtandaoni vinahitaji mahali pa kusubiri mwenyewe anapokuwa kazini.

Hilo la mwisho ndilo lililonisogeza. Tao lenye upana wa mita 2 na njia ya karani nyuma yake linaweza kupokea makabati ya vifurushi bila kugusa jiwe hata moja. Kina cha sentimita 40 kinatosha vifurushi vidogo; vikubwa vinaweza kutokeza kwa nyuma, kwenye njia, iwapo itabaki angalau sentimita 90 ya kupita. Umeme upite kwenye bomba lililofungwa juu ya lipu, usichimbiwe ukutani.

Ikilazimika kupunguza

Posta yenye masanduku 1,000 na wateja 400 italazimika kupunguza, na namna inavyopunguza ina uzito.

Kosa la kawaida ni kutoa safu za chini zote kwa sababu ndizo zilizooza, kisha kujenga ukuta wa matofali na saruji mahali pake. Unyevu unapata ngazi mpya, na matao yanapoteza umbo. Afadhali kufunga tao zima kwa tao: hamisha wateja waliobaki katika tao moja, wape notisi ndefu, waache na namba zao kwa kuhamisha vijimlango vyenyewe pamoja na vitasa, kisha tao lililobaki tupu lipewe kazi mpya. Kabla ya kung'oa chochote, piga picha uso na mgongo wa kila fremu, andika mpangilio wa namba, uchoro wa kitasa, aina ya rangi za zamani zilizopishana chini ya ya sasa. Daftari la wapangaji ni mali ya siri ya wateja na halihusiki na nyaraka za jengo, lisichanganywe humo.

Anza na tao lililo mbali na mlango mkubwa. Lifanyie chokaa, fremu na makabati, kisha liache lipite vuli na masika kabla ya kugusa la pili. Maji yenyewe yatakuonyesha mahali ulipokosea mteremko wa sakafu ya baraza: unatakiwa kuwa sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea nje. Baraza nyingi, baada ya kuwekewa vigae vipya, huelekea ndani.